Kidole Chini ya Bango

Mwaka 1976 mimi, Cleopas Wanjala, Mluhya wa Bungoma na fundi chuma wa Katwe, Kampala, niliamini kwamba kitu kizuri ni kizito. Wateja wetu ndio waliotufundisha hivyo. Mama akija kununua sigiri, jiko la makaa, huiinua kwanza. Akiona ni nyepesi huirudisha chini na kusonya.

Basi Meja mmoja alikuja kuagiza bango la chuma la kusimikwa kwenye barafu ya Rwenzori, lenye jina la mkubwa wa nchi na vyeo vyake vyote, mistari sita. Akauliza nani atajua kulisimamisha huko juu. Hapo ningenyamaza, lakini mdomo wangu haukuniuliza. "Mimi, afande. Nimezaliwa chini ya Mlima Elgon. Barafu naijua." Barafu niliyoijua ni ile ya kulazia samaki.

Nilitafuta bamba nene kuliko yote, nikalichomelea miguu miwili ya chuma cha reli. Wanaume wanne walilipakia lorini huku wakinitukania mama. Mimi nilisimama kando nikijipongeza.

Msafara uliongozwa na Sajini Odoch, Mwacholi, jirani yangu, ambaye mkewe Akidi alikuwa mteja wangu. Wacholi wenzake kambini walikuwa wamepungua mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyethubutu kuuliza walikokwenda. Nadhani alipewa kazi hii kwa sababu ilikuwa rahisi kushindwa. Njiani kwenda Kasese aliniinamia sikioni. "Fundi, nikirudi na picha ya bango nasimama kwa barafu, Meja nanipa likizo, mimi napona. Nikirudi bila picha, Akidi hataniona tena."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Stoo ya jeshi ilikuwa imenipa buti, nami nikazikataa mbele ya watu, maana nilikuwa na makatambuga yangu mwenyewe, zile ndara za tairi ambazo Kampala huitwa lugabire, nimezipigilia misumari chini ili zing'ate barafu. Nilitaka mlima uone kazi ya Katwe.

Wapagazi wa Kikonzo, wenyeji wa mlima huo, hubeba mzigo kwa mkanda wa kichwani, na kila mzigo hupimwa kabla ya safari. Ukizidi kipimo, hakuna anayeugusa, hata umwonyeshe bunduki. Kiongozi wao, mzee Baluku, alilitikisa bango langu mara moja, akayatazama makatambuga yangu, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, hili nani atabeba?"

Walilibeba askari, wakilaani kwa lugha zote za kaskazini. Siku ya tatu tulifika kwenye kinamasi, na bango likazama karibu lote. Tulilivuta tangu asubuhi hadi saa nane mchana, mvua ikitupiga.

"Kateni," alisema Baluku.

Odoch alinitazama, nami nikamtazama. Kukata sawa, lakini cheo kipi? Nani angekuwa wa kwanza kusema kwamba mstari wa nne hauna kazi? Tulikaa matopeni tukiogopana, watu wawili tuliosalimiana kila asubuhi kwa miaka mitano.

"Miguu haina maandishi," Baluku akasema tena, kama anayezungumza na watoto.

Nilitoa msumeno nikaikata miguu ya reli, fahari yangu yote, nikaiachia kinamasi. Nililia kidogo. Niliwaambia ni mvua.

Siku mbili baadaye tulifika kwenye barafu. Odoch aliligeuza bango huku na huku. "Sasa hii itasimama na nini?"

Wote waliniangalia, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwambia Meja kwamba nitalisimamisha. Nikapiga goti moja nyuma yake, mguu wa kushoto mbele, nikalikumbatia, paji la uso juu ya chuma. Odoch akasimama mbele na kupiga saluti. Askari mwenye kamera akasema wingu limefunika, tungoje. Tukangoja zaidi ya saa nzima. "Usitikisike, fundi!" Kidole gumba cha mguu wa kushoto kiliuma sana, kisha kikaacha kuuma, na mimi mpumbavu nikafurahi, nikidhani nimeizoea baridi.

Kampala daktari alikikata, cheusi kama kaa la sigiri.

Mwezi mmoja baadaye Meja alituita. Picha ilikuwa mezani kwake, nzuri ajabu: bango limenyooka, Odoch amekakamaa. Lakini Meja alikuwa ameweka kalamu kwenye kona ya chini kulia.

"Hii nini?"

"Jiwe, afande," Odoch akasema.

"Jiwe iko na kucha?" Meja akanigeukia. "Kuna mtu nyuma. Fundi, vua viatu."

Nikavua kiatu cha kushoto, nikafungua bendeji. Meja akainama, akahesabu. Vinne.

"Ingine iko wapi?"

"Bango liliniangukia tukilipakia lorini, afande. Nilipanda mlima bila kidole."

"Chuma yako mwenyewe?"

"Yangu, afande."

"Mzito?"

"Mzito sana, afande."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasaini karatasi ya likizo ya Odoch.

Odoch hakungoja hata Jumapili ifike. Yeye na Akidi walivuka mpaka wa Busia kuingia Kenya wakiwa na mfuko mmoja, ndugu yangu akawapokea. Mimi aliniachia nakala ya picha.

Hapa Katwe hakuna anayeamini kwamba niliwahi kufika kwenye barafu. Wakinicheka sana huitoa ile picha. Huyu anayepiga saluti, nawaambia, ni Odoch. Yuko hai, Kisumu, ana wajukuu. Mimi ni huyo pale chini.