Mama Amsalimia Profesa

Chuo kilikuwa kimeshanikubali. Aliyekuwa bado hajakubali ni mama. Alikuja huku akiwa mtoto mkimbizi, kutoka Burundi, na ingawa leo ni Mtanzania mwenye shamba la maharage hapa Murungu, neno safari halipendi hata kidogo. Nami nilitaka kwenda Marekani, tena kusomea kilimo!

Nikamweleza kwamba ni chuo cha serikali, kilianzishwa zamani kwa ajili ya watoto wa watumwa walioachiwa huru, maana vyuo vya wazungu viliwafungia milango. Kilipewa ardhi, kina mashamba na ng'ombe wake.

“Basi na wao wamehangaika,” akasema. “Lakini wanasalimiana?”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kwetu huanzi shughuli yoyote na mtu kabla hamjasalimiana mpaka mkatosheka.

Jioni moja, tukiwa jikoni, profesa atakayenifundisha akapiga simu ya video. Alikuwa mzee mweusi mwenye mvi, amevaa kofia ya shambani. Nilipanga kumshukuru kwa haraka, basi. Mama akaninyang'anya simu, akaiegemeza kwenye ndoo, akainama na kuanza kupiga makofi taratibu, kama tunavyosalimia kwetu. Nilikuwa nimemwambia kwamba kule ni asubuhi, kwa hiyo akamsalimia salamu ya asubuhi ya Kirundi, jua letu likizama.

“Mwakeye! Wa nyumbani wameamkaje? Na ng'ombe? Na mashamba, yameamkaje?”

Nilitafsiri huku nikitamani ardhi inimeze. Bando nalo lilikuwa linakaribia kukata. Nikajua huyu mzee atatuona washamba, na mama ataona amedharauliwa, na safari yangu itaishia palepale jikoni.

Profesa akavua kofia. Akapiga makofi naye, upesi upesi kama mtu aliyeko kanisani, akajibu yote: mkewe mzima, ila goti linamsumbua, ng'ombe mmoja amezaa. Kisha akauliza, “Na maharage yako, mama, yameamkaje?”

“Ego, ndiyo, yameamka!” mama akapiga kelele kwa furaha. Wakaongea mvua na wadudu, mimi katikati nikitokwa jasho, hadi simu ikakata.

“Sasa mama, unasemaje?” nikauliza.

Alikuwa anafuta macho kwa kitenge.

“Sisi tulipofika nchi hii tuliulizwa mambo mengi,” akasema. “Hakuna aliyetuuliza tumeamkaje. Nenda, mwanangu. Huko kuna watu.”