Mpini wa Kisu cha Jiwe

Albina hakuwa mwanamke wa kuchezewa. Miaka yote hiyo anachagua magauni kwenye soko la Zhanqian, huku ughaibuni, ya kupeleka Songea, na laoban, yaani mwenye duka, akimchomekea lenye mshono mbovu, analijua kwa kidole tu. Lakini mumewe Shedrack, mfungasha mizigo wa jengo la Tianxiu, alimtia wivu kwa mawe. Ndiyo, mawe!

Kila Jumamosi Shedrack alikwenda darasa la makumbusho, kujifunza jinsi watu wa kale wa Aktiki walivyotengeneza zana zao. Akirudi ni mahubiri. "Mama, wale watu wa barafuni walibandua vijiwe vyembamba kama wembe, wakavipachika kwenye mfupa uliochimbwa mfereji, ikawa ncha ya mkuki! Na wanawake walikuwa na kisu chao cha nusu mwezi, cha kuchunia ngozi ya sili. Kinasuguliwa kwa jiwe la mchanga na maji mpaka kitoe makali."

"Na darasani mko na nani?"

"Watu tu. Na Clementina wa ofisini kwetu."

Heee! Watu tu, na Clementina. Jina likamkaa Albina kooni kama mwiba wa samaki. Clementina ana vividole vyembamba. Yeye Albina mikono yake ni ya kubebea marobota. Wivu ukamshika mpaka chai ikakosa ladha, na hakuona haya kusema: "Huyo msichana ananikera, Shedrack."

Shedrack akacheka, akaendelea kusugua bafuni jiwe la kisu cha nusu mwezi alichokuwa anakitengeneza. "Mpini unachongwa kufuata kiganja cha mwenye kisu," akasema. "Usipomkaa, atajikata."

Siku ya kukumbuka ndoa yao akamkabidhi kisu hicho. Kilikuwa kizuri, haki ya Mungu, cheusi kinang'aa. Albina akakishika. Vidole viwili vikaingia, viwili vikabaki nje.

"Utazoea tu," Shedrack akasema, macho dirishani.

Kesho yake, Shedrack akiwa uwanja wa ndege wa Baiyun na mizigo, Albina alikifunga kisu kwenye kanga, akapanda lifti ya Tianxiu mpaka ofisini kwao. "Hebu kishike, mdogo wangu," akamwambia Clementina.

Kikamkaa vidole vyote vinne, sawasawa.

"Ee, kumbe amekimaliza!" Clementina akaropoka, halafu akainamisha uso.

"Basi kaa nacho," Albina akasema. "Nguo za Shedrack nitazileta hapa kabla ya adhuhuri."