Mlango Wangu Ulivyofika Ziwa Natron

Nalisema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana hapa Ringwani hata mtoto wa darasa la kwanza analijua, na wao wakisimulia huwa wanaongeza chumvi, wanasema nilibeba na madirisha. Sikubeba madirisha. Nyumba yangu haikuwa na madirisha. Nilibeba mlango tu, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Lakini mnielewe kwanza, jamani. Wakati wa operesheni ya vijiji lilikuja lori kule tulikokuwa tunakaa zamani, na kiongozi mmoja mwenye maneno matamu akatuambia pandeni mkaone mahali pazuri, jioni mtarudi, nasi kwa ujinga wetu tukapanda, tukaona huo uwanja wenye vigingi ambao ndio hiki kijiji chetu cha sasa, na kweli jioni tukarudi, ila tulikuta paa za nyumba zetu zimekwisha kuwa majivu. Mimi nilipona na mlango peke yake, mlango wa mninga aliouchonga marehemu baba, kwa sababu ulikuwa umeegemezwa nje unasubiri komeo jipya. Tangu siku hiyo nikisikia lori linanguruma nakimbilia kuushika mlango wangu. Sio uoga, ni akili (mke wangu anasema ni uoga).

Sasa miaka miwili mitatu baadaye pamba yetu ikatoka vizuri, wilaya wakatutangaza kijiji cha mfano, na tukaahidiwa zawadi mbili. Moja ni mashine ya kusaga. Hapo wanawake walipiga vigelegele mpaka mkutano ukasimama, na mke wangu, Bhoke, ambaye magoti yake yameisha kwa kupiga magoti kwenye jiwe la kusagia tangu usichana wake, alilia machozi mbele za watu. Ya pili ni kwamba sisi mabalozi wa nyumba kumi, pamoja na mwenyekiti wa kijiji, tungepelekwa kwa lori hadi Ziwa Natron, kule Umasaini, tukatazame ziwa na ule mlima maarufu wa Oldonyo Lengai. Tukirudi, bwana wa wilaya angekuja nasi akabidhi mashine mbele ya kijiji kizima.

Wenzangu walifurahi. Mimi nikajiuliza, tangu lini serikali ikambeba mkulima kwa mafuta yake kwenda kutazama mlima? Wa kufanyia nini? Tena Umasaini, kwa watu ambao babu zetu na babu zao walikuwa wakiibiana ng'ombe kama kazi ya kudumu. Nikamfuata mwenyekiti wetu, mzee Nyamhanga, nikampa shikamoo, nikamuuliza tunakwenda kufanya nini huko. Akasema kutazama. Halafu? Halafu kurudi. Alijibu upesi mno, na mimi mtu anayejibu upesi simwamini.

Basi alfajiri ya safari nikaung'oa mlango.

Nilijiambia wakituacha huko kwenye magadi, angalau nitaanza na mlango wangu, kama mara ya kwanza, nilipokaa mvua nzima nikitafuta miti ya kuuzungushia nyumba. Nikaufunga kwenye blanketi, nikawaambia wenzangu ni ubao wa kulalia maana mgongo unanisumbua. Bhoke alisimama pale kwenye tundu la nyumba yake ameshika kiuno, akaniuliza kama akili zangu ni timamu, nikamwambia atundike ngozi ya ng'ombe pale, asimwambie mtu, na nisiporudi atajua la kufanya. Hilo la mwisho nisingelisema. Lakini nililisema, nikapanda lori.

Njia nzima sikutazama mnyama hata mmoja. Wenzangu wanaita twiga, wanaita simba, mimi namtazama dereva. Kwa nini amebeba pipa la maji kama tunakwenda ziwani? Kwa nini kuna majembe na masepetu? (Ya kukwamulia lori kwenye matope, nilikuja kujua.) Tulipofika Loliondo tukapakia nguzo, nguzo ndefu, zimenyooka, na hapo moyo ukaniambia, Mwita, ndiyo hizi za nyumba zenu. Nikamnong'oneza balozi aliyekaa karibu yangu, akacheka, akaniambia nilale.

Tukateremka mpaka kwenye ziwa. Nasikia ni pazuri sana. Nasema nasikia kwa sababu wenzangu wote walishuka wakasimama ukingoni midomo wazi, ndege wekundu wamejaa majini, mlima uko kule mbele peke yake, na mzee Nyamhanga akachota maji kwa kiganja akaonja akatema, watu wakaangua kicheko. Mimi nilibaki nyuma ya lori nahesabu nguzo zinazoshushwa. Kisha mwenyeji wetu, kiongozi wa pale, akaja anatabasamu akatupa mkono mmoja mmoja, akasema karibuni sana, hapa jisikieni mko nyumbani.

Nyumbani! Nikaushika mlango wangu, uliokuwa bado ndani ya lori.

Wakati huohuo dereva akawasha lori, akaanza kuondoka. Sikuuliza. Nikauvuta mlango wangu, nikakimbia nao kichwani, mbio ambazo sijawahi kukimbia hata siku ya kuoa, nikapita pembeni, nikautupa chini mbele ya matairi, nikaukalia. Blanketi likafunguka lote. Ukabaki mlango wazi mbele ya watu wote, wenyeji kwa wageni, na komeo lake, na ile namba ya nyumba waliyoandika watu wa operesheni kwa rangi nyeupe. Dereva akatoa kichwa nje, akaniuliza kwa upole kabisa kama naruhusu aende kutafuta kuni za kupikia mbuzi tuliyechinjiwa. Zile nguzo, wakanieleza baadaye huku wamejishika mbavu, zilikuwa za josho la ng'ombe.

Mzee Nyamhanga alikuja akausoma ule mlango, akasoma na namba.

"Mwita, umeondoka nyumbani na mlango?"

"Nimeondoka nao, mzee," nikasema. "Mara ya kwanza ndio peke yake niliobaki nao."

Wenzangu walikuwa wanacheka. Ila mzee mwenyewe hakucheka hata kidogo, akageukia ziwa. (Siku nyingi baadaye mkewe alimwambia Bhoke kwamba kwenye koti la safari lile alikuta mbegu za mtama zimefungwa ndani ya kitambaa. Mbegu za mtama, za nini kwenye kutazama mlima? Lakini yeye alikuwa na busara ya kubeba kitu kidogo.)

Kurudi waliimba wimbo wa mlango toka Loliondo mpaka Mugumu, nami nimeinama. Nilikuwa najifariji kwamba aibu hii ni ya njiani tu, nyumbani mlango utarudi mahali pake na mashine itaanza kunguruma, watu watasahau. Pale Mugumu, bwana wa wilaya alikuwa anatusubiri na lori la pili limebeba mashine ya kusaga, imefunikwa turubai, na malori mawili tukaingia nayo Ringwani tunapiga honi.

Hakuna aliyejibu. Hakuna ngoma, hakuna moshi, hakuna ng'ombe. Mbwa mmoja tu katikati ya uwanja. Na nyumba zote, mstari mzima, hazikuwa na milango.

Mnajua kilichotokea? Siku ileile niliyoondoka jirani yangu, mama Ghati, alikuja kuomba moto, akaikuta ngozi imening'inia. Miaka ile nyumba isiyo na mlango ilikuwa na maana moja tu, kwamba watu wanahamishwa, na mwenye nyumba ni balozi, balozi hawezi kukosa habari. Mama Ghati akarudi kwake akaung'oa wake kimyakimya. Mwingine akamwona. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kinagonga nyundo, kila mtu anamwambia mwenzake ni siri, halafu wakaswaga mifugo wakaingia vichakani kule kilimani. Bhoke aliwazuia mpaka sauti ikamkauka, akasema mume wangu ni mtu wa mashaka tu msimfuate, wakamwambia anawaficha. Mwishowe aliogopa kubaki peke yake, akajitwika jiwe lake la kusagia akawafuata.

Bwana wa wilaya alitembea nyumba hadi nyumba, akachungulia matundu.

"Ndugu mwenyekiti," akasema, "kijiji cha mfano kiko wapi?"

Mzee Nyamhanga hakunitaja. Hakuwa na haja, mimi ndiye niliyekuwa nimesimama na mlango. Tukapiga ngoma ya kuwaita, tukapaza sauti, na kumbe huko kilimani walikuwa wameshasikia malori, tena mawili, wakazidi kukimbia. Walianza kurudi jua linazama, wakati malori yameshageuza. Mashine ilishushwa kijiji cha pili, ng'ambo ya kilima, ambako watu walikuwa na milango yao.

Iko hukohuko mpaka leo. Wanawake wetu wanaiendea kwa miguu, mahindi kichwani, na njia inapita mbele ya nyumba yangu, na kila anayepita anaugonga ule mlango, anauliza, hodi, mpo au mmehama? Nami naitikia tupo. Nifanyeje? Mlango nimeupigilia misumari ya paa, na nimeapa haung'oki tena mpaka nitolewe humo nikiwa maiti.

Bhoke yeye hagongi. Anarudi jioni, anatua unga, anakaa anasugua magoti. Siku moja, bila hasira yoyote, akaniambia, "Basi angalau nisimulie huo mlima, baba Robi, maana kwenye zawadi zile mbili ndio tuliobaki nao."

Nikafungua mdomo. Nikakumbuka nguzo zote, na matairi ya lori, na shingo ya dereva. Mlima sikuwa nimeutazama.