Aliyemchagulia Theodora Nguo

Pale chuo cha ualimu, mjini Singida, ilijulikana kwamba ukitaka nguo usiende mnadani bila Aneth. Binti huyo wa Mtinko alikuwa na jicho. Belo la mtumba likishamwagwa kwenye turubai, wenzake waligombania rangi. Yeye alikagua makwapa kwanza, akavuta zipu, akainua kitambaa juani kutafuta matundu. Kisha alisema tu, "Chukua hii," na mtu akachukua.

Aliyemchagulia zaidi ya wote alikuwa Theodora, mwenzake wa chumbani, mtoto wa Sekenke mwenye kiuno chembamba kuliko wote bwenini. Jumapili walifua pamoja, wakiyalaani maji ya kisima kwa chumvi yake, maana sabuni haikutoa povu na blauzi nyeupe ziligeuka rangi ya chai.

Jumatatu moja Theodora aliamka na kichwa kinamuuma. Ijumaa alifia hospitalini. Aneth hakuwahi kuelewa vizuri ulikuwa ugonjwa gani.

Kesho yake mama wa marehemu alifika bwenini na shemeji yake, mzee Antipasi, ambaye alibaki mlangoni. Mama huyo alikuwa mkulima; mvua zikikataa aliponda mawe machimboni, na vidole vyake vilikuwa vimechanikachanika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Aneth? Alikuwa anakutaja sana." Alikaa ukingoni mwa kitanda cha mwanawe. "Nitolee nguo ya kumvalisha. Mimi sijui siku hizi alikuwa anapenda nini."

Aneth alifungua sanduku. Sketi, blauzi, suruali mbili, gauni la bluu la marinda. Mama alizigusa moja moja kama nguo za mgeni. Hakuna hata moja aliyoitambua. Chini kabisa kulikuwa na gauni la kitenge.

"Hili nilimshonea mimi alipopata chuo!" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipata uhai. "Alikuwa analivaa?"

"Alilivaa, mama. Kanisani."

Mama aligeuza pindo. Nyuzi nyeupe ambazo fundi hushikizia kwa muda zilikuwa bado zipo, hazijatolewa. Alizipapasa kwa kidole.

"Usinidanganye, mwanangu. Leo sina nguvu ya kudanganywa."

"Hakuwahi kulivaa, mama. Aliogopa tungemcheka."

"Mngemcheka?"

Aneth alitazama sakafu. "Tungemcheka."

Mama alilikunja gauni lile taratibu, akaliweka mapajani. Hakulia. Aneth alitamani afadhali angelia.

"Haya. Alipenda lipi?"

Aneth akatoa lile la bluu.

"Shemeji," Antipasi alisema kutoka mlangoni, "mtoto wa kaka yangu hatumziki na mtumba. Watu watasemaje?"

Mama alimjibu kwa Kinyiramba, maneno machache, bila kupaza sauti. Aneth, aliyekua akisema Kinyaturu, hakuyaelewa. Lakini mzee alivua kofia yake, akatoka nje.

Aneth alilifua gauni la bluu kwa maji ya kunywa ya kununua, ili lisipate chumvi ya kisima. Lilipokauka aliwasha pasi ya mkaa, akatandika kitambaa chenye unyevu juu yake ili lisingʼae, akalipiga rinda baada ya rinda. Alipomaliza alilikagua tena makwapa, kwa mazoea tu, kisha akalikabidhi kwa shangazi wa marehemu waliokuwa wakienda mochwari.

Huko Sekenke, watu walipopanga foleni kuaga, kidirisha cha jeneza kilionyesha uso na kola. Marinda hakuna aliyeyaona. Jirani mmoja alinongʼona kwamba binti amevalishwa vizuri. Mama alisikia, akaitikia kwa kichwa, na jeneza likashushwa.

Wiki mbili baadaye Agripina, mwenzao wa darasani, alihitaji blauzi ya kuvaa kwenye mazoezi ya kufundisha. Aneth alikataa, akabembelezwa, akaenda. Walipoinama kwenye turubai mkono wake ulikuwa mwepesi kama zamani. Alitenga blauzi moja, akatenga na sketi ya kijivu, nyembamba kiunoni, isiyo na kasoro.

"Hii ya nani?" Agripina aliuliza. "Mimi hainiingii. Na wewe pia."

Aneth aliitazama sketi. Aliishika muda mrefu mpaka muuzaji akamuuliza kama anaichukua.

"Hapana, kaka," akasema, akairudisha kwenye rundo, akaendelea kukagua blauzi ya mwenzake.