Diski Isiyogawanywa

Mwalimu Naftaly wa Mitunguu hakutaka kulisikia neno "kugawa". Shamba la migomba la baba yake liligawiwa ndugu wanne, na mpaka leo hawasalimiani hata kanisani. Kwa hiyo nilipomshauri aigawe diski ya laptopu yake sehemu mbili, C iwe ya Windows na D iwe ya vitu vyake, aliruka juu.

"Kugawa tena? Hapana, Mwalimu Carol. Wacha ikae moja."

"Lakini Windows ikiharibika, fundi atafuta C peke yake. Vitu zako zitabaki kwa D."

"Nimesema moja."

Mkaidi yule! Nilicheka, nikaachana naye. Ndani ya laptopu ile kulikuwa na sauti ya Kaari, binti yake, akisoma habari za Danieli kwa Kimeru, akijiandaa kwa siku ya watoto kanisani. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua kabla siku hiyo haijafika, akiwa na miaka minane. Mama yake, Igoki, ndiye aliyemrekodi kwa simu. Naftaly aliihamishia sauti hiyo kwenye laptopu, akaifuta kwenye simu ili ipate nafasi. Kila Jumapili baada ya ibada waliisikiliza, dakika nne tu, kisha Igoki alienda kupika.

Mwaka jana laptopu iligoma kuwaka, Naftaly akampelekea Kiunga, fundi wa pale sokoni. Siku ya pili Kiunga alimpigia simu tukiwa katika ofisi ya walimu.

"Mwalimu, uko na kitu kwa D?"

"Hakuna D!" Naftaly akajibu kwa majivuno, akinitazama. "Mimi sikugawa."

Kwa mafundi wetu, vitu vya mtu hukaa D. Kiunga alielewa kwamba hakuna cha kuokoa. Akafuta diski yote, akaweka Windows mpya. Nami nilikuwa nimeketi hapo, nikasikia kila neno, nikatabasamu. Sijajisamehe.

Jumapili Naftaly aliniomba niandamane naye nyumbani, maana hakuweza kumwambia mkewe akiwa peke yake. Alimwambia wima, mlangoni. Igoki hakupiga kelele. Aliketi; afadhali angetutukana.

"Baba Kaari," akasema, "lile jina la mfalme, Nebukadneza, alikuwa akilisema aje?"

Naftaly akajaribu.

"Si hivyo."

Akajaribu tena. Igoki naye akajaribu, akakatiza katikati, akatikisa kichwa. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, niliyekuwa nimeisikiliza pamoja nao mara nyingi, wakasubiri.

Nikafungua kinywa. Sikukumbuka.