Tufe Lililopakwa Samli

Nikiikumbuka Bunda bado napandwa na hasira, na aliyenitia hasira hiyo sina hata ruhusa ya kumlaumu.

Ilikuwa miaka ile dukani unakuta rafu na mwenye duka tu. Sabuni ilikuwa haionekani Musoma nzima. Mke wangu alifua nepi za mtoto wetu wa kwanza kwa majani ya mpapai na maji ya majivu, mapaja ya mtoto yakababuka hadi akawa analia kabla hajaguswa. Ndipo parokia moja ya Bunda ikatualika kwenye mchezo wa chupa, na zawadi ya mshindi ilikuwa katoni nzima ya sabuni za mche. Mimi nilikuwa mchezaji bora wa parokia yetu ya Makoko. Sijigambi, waulizeni waliokuwepo.

Mchezo wenyewe tuliachiwa na padri mmoja mzee wa Kizungu. Unaviringisha tufe la mti kwenye njia ya saruji, uangushe vigingi tisa vyenye umbo la chupa. Njia yetu ilikuwa imechakaa, tufe lolote lilishika. Ya Bunda waliipaka nta hadi ikang'aa. Hapo tufe laini huteleza moja kwa moja, hata ulisokote vipi kwa vidole. Dawa yake ni kulikwaruza, ili likikaribia chupa lishike saruji, likate kona na kuziingia katikati.

Karatasi ya msasa dukani? Thubutu! Nilichuma majani ya mti wa msasa, nikasugua tufe langu jioni baada ya jioni, nikilijaribu kwenye sakafu ya rafiki yangu wa Mukendo aliyekuwa bado na nta ya kuipaka. Nikizidisha, linashika mapema mno na kutoka nje. Nalilainisha kwa kipande cha gunia, nasugua tena. Vidole viliota sugu. Mwishowe likatii.

Wakati huo shangazi yangu alikuwa amekuja kutoka Butiama kumwona mtoto. Asubuhi ya safari niliacha tufe mezani, nikaenda kuulizia lori la pamba. Niliporudi alikuwa ameshalifunga vizuri kwenye kanga. Nikashukuru, nikaondoka.

Kule Bunda nikafungua kanga, harufu ya samli ikanipiga usoni. Tufe liling'aa kama paji la uso la bwana harusi! Kwetu wafugaji, kinachotoka nyumbani kwenda kushindana hupakwa samli kwa baraka, awe fahali au mtoto anayekwenda kufanya mtihani. Nililijua hilo tangu utotoni, lakini nani angefikiri baraka hiyo ingefika hadi kwenye tufe?

Nililigaragaza mchangani. Nikalifuta kwa shati langu la kanisani. Kazi bure. Mti uliokwaruzwa hunywa mafuta, na huu ulikuwa umekunywa njia nzima, juani, ndani ya kanga. Kila nilipolirusha lilipita kando ya chupa kama linaziogopa, na wenyeji wakacheka hadi wakashika mbavu. Sabuni ikachukuliwa na mwalimu mmoja kapera, asiye na nepi hata moja.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejiandalia maneno makali. Shangazi akanipokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Umeshinda, baba?"

Utamfokeaje aliyekubariki?

"Liliteleza, shangazi."

Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, nikazidi kuumia.

"Basi samli ilikuwa kidogo. Sisi tulikuwaga tunapaka mpaka inachuruzika. Na mimi nimemaliza kibuyu chote, sijabakiza hata tone."

Mke wangu alikuwa ameinama uani, anachuja maji ya majivu. Akainua uso, akamtazama yeye, halafu mimi.

"Kibuyu cha dirishani?" akauliza. "Shangazi, ile ilikuwa ya mapaja ya mtoto."