Mkondo wa Godauni

Mwaka jana ufuta wa Bibi Hildegarda ulikataliwa ghalani mbele za watu, eti mchafu. Aliurudisha nyumbani mwenyewe, Kimamba nzima ikimtazama. Mwaka huu akaapa haurudi hata kwa mtutu wa bunduki.

Sasa siku ya mwisho ya kupokea ufuta ikaamka kimya. Jani halitikisiki. Watu wa kikundi cha wakulima wamekaa uwanjani na nyungo zao, wanasubiri umeme urudi ili feni ya katibu wao, Zabron, ianze kupuliza makapi.

"Shikamoo bibi," akasema Zabron. "Kaa kivulini. Upepo leo umeenda Mikumi kutazama tembo."

"Marahaba. Kaa wewe mwenye feni iliyokufa."

Watu wakacheka. Hildegarda akamwita mkwewe Tumwagile, wakapakia magunia mawili ya ufuta kwenye baiskeli, wakaisukuma hadi kwenye magodauni ya zamani ya mkonge, kando ya reli. Baba yake Hildegarda alipakia marobota ya mkonge pale miaka mingi. Yeye, mtoto, alikuwa akimpelekea uji, na akikatiza uchochoro ulio kati ya magodauni mawili, kanga inampeperuka hata siku ya joto la kuua mtu. Baba akamweleza: upepo hausukumwi, unavutwa. Bati likichemka juani, hewa yake inapanda, na ile ya kivulini inakimbilia kujaza pengo.

Saa saba wakatandika turubai uchochoroni. Hildegarda akarusha konzi ya makapi. Yakapeperuka.

"Mama, huu mkali," akasema Tumwagile. "Utabeba na ufuta wenyewe."

"Ndiyo maana sisimami kama nguzo ya simu." Akashusha ungo hadi kiunoni. "Ukiwa mkali, mwagia chini. Ukilegea, ndipo unapandisha."

Wakapepeta hadi mabega yakawaka moto.

Saa kumi, ghalani, mpimaji akazamisha mkono katikati ya gunia, akachota, akatikisa kwenye chekeche, akapuliza. Hakikuruka kitu. Akachota tena, chini kabisa.

"Bibi, umetumia mashine gani?"

"Mikono ya binti wa mpakia mkonge."

Mpimaji akaandika: safi, daraja la kwanza. Hildegarda akamwambia asome kwa sauti, wa nyuma nao wasikie. Akasoma.

Mlangoni alisimama Zabron, jasho linamtiririka, gunia lake halijapepetwa.

"Bibi, nionyeshe huo uchochoro kabla hawajafunga ghala."

"Shika baiskeli, twende. Lakini ungo ni wako. Mimi uliniambia nikae kivulini."